Mashine ya Boti, Kiwalani

Uani kwetu Kiwalani haifiki hata harufu ya bahari, lakini mashine ya boti ipo. Imefungwa kwenye mbao nene alizozipigilia mume wangu mwenyewe, na mguu wa mashine umezama kwenye pipa la bluu lililojaa maji. Kila Jumamosi mie nikimaliza chapati zangu navua aproni, nachanganya petroli na oili, navuta kamba, naiacha iungurume mpaka maji ya pipa yaanze kupata moto. Majirani walilalamika wakachoka. Niliwaambia, ndege zinapita juu ya mabati yenu kutwa nzima hamsemi, mnaisema mashine ya mume wangu?

Ndege hizo hizo ndizo zilizomchukua. Kazi yake ya kupeleka wageni wa hoteli baharini kule Mbezi Beach ilipokufa, akapata kazi ya ufundi wa mashine za boti Maskati. Aliniachia sharti moja: mashine isikae bila kuwashwa, itaoza. Mie nikajiwekea langu moyoni, sikumwambia mtu. Mwanaume anaweza kumwacha mke, wako waliofanya hivyo hapa hapa mtaani na tunawajua, lakini huyu hawezi kuiacha mashine yake. Mashine ikiwa hai, atarudi. Basi nikawa naiuguza kama mgonjwa.

Si mtu wa maneno. Kwenye simu tulikuwa tunaiongelea mashine kuliko tunavyojiongelea sie wenyewe. Imewaka ukivuta mara ngapi? Maji yanatoka vizuri kwenye kitundu chake? Rohoni nataka kumwambia kitanda kimekuwa kikubwa, nimemkumbuka mpaka namchukia. Simwambii. Namwambia maji yanatoka vizuri.

Halafu akaja mtu aliyetoka huko, na mzigo alionitumia mume wangu. Ilikuwa saa ya mzunguko, ile inayofungwa kwenye boti kuonyesha mashine inazunguka mara ngapi kwa dakika. Mpya, ndani ya boksi lake. Niliishika kama niliyeletewa pete. Mtu hanunui saa mpya ya mashine asiyotaka kuirudia, ndivyo nilivyojiambia, na siku hiyo niliunguza chapati huku nacheka peke yangu.

Mume wangu akanielekeza kuifunga kwa simu ya video. Alinikataza kabisa kuita fundi, eti mafundi wa mtaani watamkatia nyaya zake. Nikamwambia mie nakata unga, sikati nyaya. Akasema, "Bibie, anayeweza kusukuma chapati zikawa duara hashindwi na nyaya tatu." Nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye hasi, ya tatu kwenye waya wa mashine unaochaji betri. Nikawa namwonyesha kila ninapogusa. Alikuwa amekonda. Nilitaka aigeuze simu yake nione chumba anacholala, yeye anataka niigeuze yangu aone nyaya.

Nikawasha. Sindano ikapanda, ikasimama kwenye mia nne hamsini.

"Siyo," akasema.

"Siyo nini? Ndivyo inavyosoma."

"Naisikia. Hiyo iko mia tisa. Ingekuwa mia nne hamsini ingeshazima zamani. Zima, kisha tazama mgongoni kwa saa, kuna swichi ndogo. Iko kwenye ngapi?"

Ilikuwa kwenye kumi na mbili. Akanieleza kwamba saa inahesabu sumaku zilizomo ndani ya mashine. Zetu ziko sita. Ukiiambia saa ziko kumi na mbili, itakupa nusu ya mzunguko wa kweli. Nikaigeuza swichi mpaka sita kwa ncha ya kisu cha jikoni, nikawasha tena, sindano ikasimama kwenye mia tisa. Nilifurahi, ila kuna kitu kilinichoma. Mtu yuko ng'ambo ya bahari, anasikia kwa kisimu changu kilichopasuka kioo mashine inazunguka ngapi. Mie ninayeongea naye kila wiki hanisikii.

Akaomba video ya saa ikiwa inafanya kazi. Nikaoga, nikavaa dera la zambarau analolipenda, nikaegesha simu juu ya ndoo na kujirekodi, mie na saa pamoja. Akajibu "nzuri", basi. Nikabaki najiuliza nzuri ni saa au mie.

Wiki haikuisha, akaja bwana mmoja na pikapu, kavaa viatu vyeupe. Akanisalimia, akanionyesha simu yake. Ilikuwa ile video yangu. Sindano inaonekana, saa inaonekana, ukingo wa pipa unaonekana. Mie simo. Upande wote wenye dera umekatwa.

"Mwenye mashine ndiye aliyenitumia," akasema. "Kaniambia nije niione, nikiridhika nibebe."

Kumbe saa haikuja kwa sababu anarudi. Imekuja ili mnunuzi aone. Nikamkaribisha kwa adabu zote, nikampa kiti barazani na chai na chapati ya moto, nikamwambia asubiri niiandae mashine. Nikapitia jikoni kuchukua kisu, nikaingia uani peke yangu. Nikaitoa swichi kwenye sita nikairudisha kwenye kumi na mbili. Hadi leo sijuti.

Alipokuja nikawasha. Akainamia sindano.

"Mbona mia nne hamsini? Kwenye video ilikuwa mia tisa."

"Mashine ya zamani, kaka yangu. Siku nyingine inaamka hivyo, siku nyingine vile."

"Lakini mngurumo mzuri."

"Mngurumo inao," nikamwambia.

Akaitazama sindano tena, akavitazama viatu vyake vilivyorukiwa na maji ya pipa, akaaga. Pikapu ikaondoka tupu.

Jioni mume wangu akapiga. Hakuanza hata na salamu.

"Yule bwana anasema mashine imechoka."

"Itakuwa imechoka."

"Hebu iwashe nisikie."

Nikaiwasha, nikaisogeza simu karibu. Akasikiliza, kisha akauliza inasoma ngapi. Nikamwambia mia nne hamsini.

"Na swichi umeiweka kwenye ngapi?"

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikampigia kelele juu ya kelele za mashine, nadhani mtaa mzima ulinisikia. "Nimeigeuza mie! Nilivaa lile dera kwa ajili yako, ukanikata. Nimekukumbuka, unasikia? Mashine unaisikia, mie hunisikii. Ukitaka kuiuza njoo uiuze mwenyewe."

Maji ya pipa yalikuwa yameanza kufuka mvuke.

"Nilikukata kwa sababu siwezi kumtumia mwanaume picha ya mke wangu," akasema. "Ile nzima ninayo. Naiangalia kila nikitoka kazini."

"Sasa kwa nini unaiuza?"

"Nilidhani umeshachoka kuvuta kamba kila Jumamosi. Wewe husemagi kitu, unaniambia tu maji yanatoka vizuri."

Nikaizima mashine, nikakaa kwenye ndoo. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na haja ya kuyaficha, uani nilikuwa peke yangu. Nikamuuliza kama niirudishe swichi kwenye sita.

"Iache hapo hapo kwenye kumi na mbili," akasema. "Kuna mwingine nilishamwelekeza, anakuja kesho kuiangalia."

Huyo mwingine alikuja kweli, akaitazama sindano, akaenda zake. Mume wangu bado hajarudi. Jumamosi hii nimeiwasha, nikavaa lile dera, nikampigia asikilize.