Neno "Drill" Kwenye Karatasi ya Shule

Karatasi ilitoka kwenye mkoba wa binti yangu siku ya Jumatatu. Shule yake, hapa Kamalondo, inafundisha kwa Kiingereza, lugha ambayo nyumbani kwetu aliijua yeye tu, naye alikuwa na miaka saba. Yalikuwa maneno machache, akatusomea: Ijumaa, asubuhi, uwanjani, na moja asilolijua, "drill".

Mimi ni mshonaji. Kwangu drili ni kitambaa kizito cha suruali za kazi. Nikawaza: wanabadilisha sare tena bila kutuuliza, na bila shaka wana mshonaji wao.

Baba yangu, mstaafu aliyekuwa akipasua mawe mgodini, akaichukua karatasi akaisogeza karibu na macho.

"Hapana, mutoto yangu. Drill iko masini ya kutoboa mabwe. Mi niliishika myaka makumi mbili. Kuko kitu chini ya ile masomo."

"Chini ya masomo ya batoto, tata?" nikamwuliza baba, maana masomo kwetu ni shule.

"Juzi si niliona bantu banapima lupango?"

Kweli, hata mimi niliwaona, wenye kofia ngumu, wakivuta kamba uwanjani mwa shule. Katika mji huu wa migodi anayepima ardhi hasemi anatafuta nini. Kesho yake nikamwuliza mwalimu langoni kuhusu hiyo drill. Akacheka: "Ni zoezi tu, mama." Kicheko kile kikanizidishia wasiwasi.

Ijumaa mimi na baba tukasimama nje ya lango. Kengele ikalia bila kukoma. Watoto wakatoka kwa mistari miwili, upesi, bila kusukumana, mpaka katikati ya uwanja. Mashine haikuwepo. Mwalimu mkuu alipotuona akatujia, akatueleza: moto ukishika, kila mtoto ajue pa kutokea. Zoezi hilo nalo kwa Kiingereza huitwa drill.

"Na wale waliokuja kupima?"

"Wale wanatujengea vyoo, mama."

Nikacheka kwa aibu. Baba hakucheka. Alikuwa ameshika vyuma vya lango, akiwatazama watoto wakirudi darasani.

"Siye ku shimo, hakuna mwenye alitufundisha kutoka," alisema. "Siku mabwe ilianguka, kila muntu alikimbia fasi yake. Benzetu batatu balikimbilia kwenye hakuna mulango."

Maisha yangu yote hakuwahi kunisimulia hilo. Nikamshika mkono, tukaondoka polepole. Njiani akaniambia kwamba mmoja wao ndiye aliyemsimamia kanisani siku alipomwoa mama.