Hasi Nne

Watu wanaosema piano na kinanda ni kitu kimoja ningependa waje kanisani kwetu Bashay msimu wa manyunyu, wakae kwenye kile kiti kinachoyumba, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, halafu warudie maneno yao. Mimi niliyasema. Niliyasema mbele ya kamati nzima ya kwaya, kifua mbele, na hakuna aliyenilazimisha.

Kinanda chetu cha umeme kilikuwa kimeungua. Umeme ulikatika katikati ya mazoezi, ukarudi kwa nguvu, kikatoa harufu ya plastiki na hakikuwaka tena. Fundi redio wa mjini Mbulu alikifungua, akakichungulia, akakifunga, akatupa pole. Ndipo mwenyekiti wa kwaya, bwana mifugo mstaafu ambaye hata sisi wenye mvi tunamwamkia shikamoo, akakumbuka kwamba nyumba ya wageni ya misheni ina piano ya mbao. Iliachwa na wazungu zamani, na kazi yake ilikuwa kubeba vyungu vya maua.

"Mwalimu, utaiweza hiyo?" akaniuliza.

"Mzee, piano na kinanda ni kitu kimoja. Vibao ni vilevile."

Ikaja juu ya tela la trekta, imelazwa kwenye mabua, vijana wameishikilia huku na huku kama ng'ombe mgonjwa. Njia yetu mnaijua, au kama hamuijui basi itoshe kusema kwamba kila shimo piano ililipigia kelele. Walipoisimamisha kanisani nikafunua kifuniko, nikapiga doh, mi, soh. Mi ikazama na haikurudi juu. Nikaichomoa kwa kucha.

Lazima nieleze nilivyojifunza, maana hapo ndipo shida yote ilipolala. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Mbeya niliyeletwa Manyara na serikali nikiwa kijana na nikasahauliwa hukuhuku. Nilianza kinanda nikiwa na miaka arobaini, nikifundisha Masakta kule Hanang, na aliyenifundisha ni mwinjilisti wa pale. Somo lake lilikuwa fupi. Doh inakaa hapa, kwenye kibao cheupe hiki, mbele ya vyeusi viwili. Vyeusi viache. Kwaya ikiimba juu au chini ya hapo, bonyeza kitufe cha kupandisha na kushusha, kinanda kitahama chenyewe na wewe utabaki na doh yako palepale. Kioo kidogo kinaonyesha namba: jumlisha mbili, hasi tatu, kadiri waimbaji wanavyotaka. Wapiga vinanda wengi ninaowajua wamejifunza hivyo, na ibada zinaendelea, na watu wanaokoka.

Piano haina kitufe. Niliipapasa pembeni, nikainama nikaangalia chini. Hakuna.

Ingekuwa ni kwaya tu, nisingejali. Kwaya yetu ina mapafu ya wakulima, itaimba popote utakapoiweka. Lakini mke wangu alikuwa na shukrani yake.

Mke wangu ni mzaliwa wa Nambis, na miaka yote ya ndoa yetu alikuwa sauti ya kwanza, anayeanzisha wimbo na wengine wakafuata. Halafu shingo ikaanza kuvimba. Rovu ile ilikua mpaka akawa anameza chai kwa shida, tukampeleka hospitali kubwa, wakaitoa. Alirudi na kovu jembamba chini ya koo na sauti ambayo sikuijua. Haikuwa mbaya. Ilikuwa imeshuka tu, kama mtu aliyehamia chumba cha chini.

Alikuwa ameahidi kwamba akipona atasimama mbele ya kanisa Jumapili ya mavuno, atoe shukrani kwa wimbo wake uleule aliokuwa akiuongoza zamani. Ndugu zake wa Nambis wote wangekuja. Kwetu mtu akitoa shukrani ya uponyaji, watu wanatazama kama kweli amepona, na yeye alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo kabla kinanda hakijaungua tulikuwa tumekaa nacho jioni, mimi nikibonyeza kitufe, yeye akijaribu. Hasi moja, hapana. Hasi mbili, hapana. Kwenye hasi nne aliimba mpaka mwisho bila kukwaruza, na ile noti ya chini kabisa, soh ya chini mwishoni mwa ubeti, akaigusa kwa unyayo wa sauti yake. Chini ya pale hakukuwa na kitu, ni pumzi tupu. Alicheka siku ile. Hasi nne ikawa namba ya nyumba yetu.

Sasa mbele ya piano nilikuwa na vidole vinavyojua doh moja tu, na mke anayeimba vibao vinne chini yake.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la pili. Toka kwenye doh yangu, hesabu vibao vinne kushuka, vyeusi kwa vyeupe, unafika kwenye cheusi kinachoitwa A flati. Nilimchorea mwenyekiti ubaoni na akaelewa. Vidole ndivyo havikuelewa. Huko A flati karibu kila kitu ni cheusi: doh nyeusi, re nyeusi, fa nyeusi, soh nyeusi. Nilikuwa mtu mzima anayeshika akordi, zile sauti tatu za mpigo mmoja, kama anayeokota misumari gizani.

Na uzito! Kinanda unakigusa tu kinaimba. Piano inataka ushuke na bega. Kidole changu kidogo, ambacho kwenye kinanda nilikihesabu kuwa mfanyakazi, kumbe miaka yote kilikuwa kinasindikiza wenzake. Kwenye kinanda nikikosea nilikuwa na violini za umeme za kunifunika na ngoma ya kunisukuma. Nilikuwa bendi nzima. Hapa nilikuwa mzee mmoja mwenye baridi, na kila kosa lilitoka nje likiwa uchi. Kukiwa na ukungu mbao zinavimba na vibao vinanata. Fundi wa piano tuliambiwa yuko Arusha. Nilimpigia, akaniuliza Bashay iko wapi, nikamweleza, akasema atanipigia. Bado nasubiri.

Nilifanya mazoezi kila nilipopata nafasi. Shuleni nilipakua piano ya kuchezea kwenye simu, nikawa naigonga kwenye chumba cha walimu, wenzangu wakinicheka. Jioni naenda kanisani kugombana na ile ya mbao. Niliichukia kwa moyo wote, na nilimwambia mke wangu hivyo. Lakini vidole vikaanza kulainika, na ikafika siku nikaweza kuucheza wimbo wake wote kwenye A flati bila kusimama. Nilijiona nimeshinda. Nikamwita kanisani.

Akasimama kando ya piano, akaanza vizuri. Tulipofika kwenye ile soh ya chini, hakukuwa na kitu. Pumzi ilitoka, sauti haikutoka. Tukarudia. Pumzi tena.

"Mwalimu, hapa ni chini," akasema. Ananiita mwalimu anapokuwa hataki ugomvi.

"Ni hasi nne ileile."

"Hii ni chini kuliko kwenye kinanda."

"Mama, hasi nne ni hasi nne. Haiwezi kuwa chini kuliko yenyewe." Nikamhesabia vibao kwa kidole, kimoja baada ya kingine, kwa ile sauti ninayotumia kwa watoto wa kidato cha kwanza. "Unaona? Piano iko palepale. Basi itakuwa wewe umeshuka tena."

Alipeleka mkono shingoni, akagusa kovu, akasema amechoka.

Kuanzia siku ile mkono wake ukawa hauondoki shingoni. Anakoroga ugali kwa mkono mmoja, mwingine uko kooni unapapasa. Alikuwa akisimama mbele ya kioo cha kabati, anainua kidevu, anameza mate, anajitazama. Akaacha kuimba hata nyumbani. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, tukiomba itarudi, na mimi nikaenda zangu kuendelea na mazoezi ya A flati, nikiwa nimekasirika kwamba nimehangaika vile na sasa yeye ndiye anaharibu.

Wiki ya mavuno ilipoanza nikakwama kwenye akordi moja ya mkono wa kushoto. Nikatoa simu, nikaiweka pale pa kuwekea kitabu, nikagonga A flati kwenye simu ili nisikie ilivyo. Kisha nikaigonga kwenye piano.

Hazikuwa sawa.

Nilidhani nimekosea kibao. Nikarudia, nikiangalia vizuri. Ya piano ilikuwa chini. Nikajaribu nyingine, na nyingine, kutoka huku mpaka kule, na kila niliyoigonga kwenye piano ilijibu kwa sauti ya jirani yake wa chini. Miezi yote ile simu ilikuwa inacheza shuleni na piano inacheza kanisani, na sikuwahi kuzikutanisha. Ile piano ilikuwa imekaa chini ya vyungu vya maua mpaka nyuzi zake zote zikalegea, ikashuka kibao kimoja kizima, tena kwa pamoja, kwa adabu, ili mjinga asigundue. Nilikuwa nampeleka mke wangu kwenye hasi tano.

Nilitamani kuipiga teke. Sikufanya hivyo kwa sababu tu ilikuwa ya kanisa.

Nilimkuta uani akisafisha vitunguu saumu, anakata mabua na mizizi, kitambaa amekifunga shingoni ingawa jua lilikuwa limetoka. Kando yake kulikuwa na ule mfuko wa safari tuliokwenda nao hospitali, umefunguliwa unapigwa upepo.

"Wa nini huo?" nikauliza.

"Nimeongea na kaka. Jumatatu atanisindikiza wakanipime tena. Na nimemwambia mwenyekiti anitoe kwenye shukrani. Siwezi kushukuru kitu ambacho kinarudi."

Nikamwambia. Nilimwambia haraka haraka, nikachanganya maneno, simu mkononi, piano imeshuka, siyo wewe, nyuzi zimelegea, siyo wewe.

Aliendelea kushika kisu bila kukata. "Kwa hiyo mimi niko palepale?"

"Uko palepale."

"Na mimi nilikwambia ni chini."

"Uliniambia."

"Ukanihesabia vibao."

Kichwa cha kitunguu saumu kikanipiga begani. Cha pili kikanikosa. Kisha akafunika uso kwa kitambaa na akalia kwa namna ambayo sijamwona akilia hata siku ya upasuaji, na mimi nikasimama pale na simu yangu, nikiona aibu mpaka masikioni. Alipomaliza akaukunja mfuko wa safari. Akasema ataimba, ila nisimweleze tena sauti yake iko wapi.

Dawa ilikuwa rahisi kwa maneno: nipande kibao kimoja, niende A. Jaribu wewe. Vidole vilivyokuwa vimejifunza vyeusi kwa jasho havikutaka kuviacha. Nikipiga A vinateleza kurudi A flati, nikivikemea vinakimbilia doh ya mwinjilisti. Ijumaa nilikuwa hovyo kuliko siku ya kwanza. Jumamosi niliufunga mkono wa kulia, nikautuma wa kushoto peke yake kutafuta zile sauti tatu za chini ambazo wimbo unakanyaga: doh, fa, soh. Kwenye A zote tatu ni nyeupe. Hizo nikaziweza.

Jumapili kanisa lilijaa magunia ya mahindi, kuku, maboga, na ndugu wa Nambis safu mbili za mbele. Mwenyekiti akaniuliza kama niko tayari, nikamwamkia badala ya kumjibu. Mke wangu alikuja mbele bila kitambaa shingoni, kovu likionekana. Hakusubiri nimpe sauti. Akaanzisha mwenyewe, palepale kwenye hasi nne yetu, nikamfuata na doh yangu moja.

Sikuwa na violini za kumfunika wala ngoma ya kumsukuma. Noti ya piano unaipiga inakufa, na inapokufa unabaki unamsikia anayeimba. Nilisikia mahali anapovuta pumzi. Nilisikia sauti yake ikikwaruza kidogo kwenye fa, kisha ikasafika. Mkono wangu wa kulia ulikaa pajani kama mgeni aliyekosa kiti, na nikaona uchungu kwamba baada ya kazi yote ile nilikuwa na noti tatu tu za kumpa.

Ubeti ukafika mwishoni, ukaanza kushuka. Niliacha kutazama vibao, nikamtazama yeye. Nilijua mkono wake utakwenda wapi, nilikuwa nimeuona ukienda huko kila siku.

Alikuwa ameushika ubavu wa piano. Soh ya chini ikatoka, nene, kamili, na ule mkono haukuondoka pale.