Mtu wa Gunia Kwenye Picha ya Sagana

Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa mchana, jua likiwaka juu ya mji wa Nyeri. Sikuwa nimelala, sikuwa mgonjwa. Watu wa kanisani kwangu wakisikia wataniombea, na waombe tu, lakini yalitokea.

Kazi yangu ni picha za kale. Zamani kulikuwa na shirika dogo la wapiga picha lililokuwa likiyauzia magazeti picha za nchi hii. Lilipofungwa, masanduku ya filamu yalibaki kwa mpiga picha mmoja wa huku kwetu. Alipokufa, mwanawe alikodi chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akaniajiri nizihamishie filamu hizo kwenye kompyuta na kuandika chini ya kila picha ni nani na ni wapi. Nyingi hazikuwa na jina hata moja. Mzee alikuwa ameandika tu juu ya bahasha: "Sagana, watu." Basi.

Siku hiyo nilikuwa peke yangu. Nikasikia mtu akikohoa, nikageuka, nikaona kijana amesimama karibu na meza. Nasema kijana kwa sababu hakufika miaka thelathini. Alivaa koti refu lililolowa chapachapa, na wiki hizo hatukuwa tumeona tone la mvua. Alinuka gunia. Unaijua harufu ya gunia la viazi lililonyeshewa? Hiyo.

"Uko na ile picha ya Sagana," akaniambia. Hakuwa anauliza. "Ile watu wamechuchumaa."

Nilidhani ni mjukuu wa mmoja wa watu wa kwenye picha, maana huja wengi. Nikamvutia kiti, nikaifungua picha. Ni ya wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni akiwasaka Mau Mau: wanaume wamechuchumaa uwanjani, mikono kichwani, wote wakitazama chini. Mbele yao amesimama mtu aliyefunikwa gunia toka kichwani hadi magotini, matundu mawili ya macho. Wazee wetu wanawajua watu hao. Walikuwa wenyeji, waliofichwa nyuso na askari wa mkoloni ili wawaonyeshe majirani zao walio Mau Mau. Akiinamisha kichwa mbele yako, umekwisha.

Kijana akaanza kunitajia majina, moja baada ya jingine. Huyu Nderitu, fundi wa baiskeli. Huyu Gathogo, ana mtoto wa wiki mbili. Alisema "ana", hakusema "alikuwa na", na mimi, niamini, nilifurahi tu, nikawa naandika mbio. Nani mwingine angenipa majina hayo?

"Na huyu wa gunia?" nikauliza.

Akaweka kidole juu ya gunia. Kisha akasema, "Andika Mwaniki wa Kabui."

Mkono wangu ulisimama. Hilo ni jina la guka wangu, baba wa baba yangu, aliyechukuliwa wakati huo asirudi. Nyumbani tunamwita shujaa. Kanisani kuna benchi lenye jina lake.

"Huyo alishikwa," nikamwambia. "Yeye hakushikisha mtu."

"Waliniambia nikiinamisha kichwa nitaenda nyumbani," akasema polepole. "Niliinamisha mara nne. Kisha wakanitupa mtoni na gunia yao. Andika."

Niliitazama picha kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Wanaume wanne walikuwa wameinua nyuso. Gathogo alikuwa mmoja wao. Walikuwa wakimkazia macho mtu wa gunia. Nikaichukua filamu yenyewe, nikaiinua dirishani. Wanne vilevile. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu, na kimelowa.

Ngazi ya kule juu ni moja tu, inapita mbele ya Muthoni wa dukani. Nikashuka kumuuliza nani amepita.

"Hakuna mtu amepanda huko tangu lanchi," akasema. "Ati umeona nani?"

Jioni nilikwenda kwa cucu, mkewe guka, nje ya mji. Alikuwa mzee sana lakini akili iko. Nilimweleza yote. Aliendelea kuchambua maharagwe.

"Koti ilikuwa imeshonwa begani na uzi nyeupe?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Ni mimi nilishona." Akaweka ungo chini. "Sasa amekuja kwako. Kwangu alikuja akitaka niseme mbele ya watu, nikamfukuza. Mtoto wangu, usiandike. Dada yako ameolewa kwa kina Gathogo."

Ni kweli. Kariuki, mume wa dada yangu, ni mjukuu wa Gathogo.

Sikuandika. Chini ya mtu wa gunia niliweka "hajulikani". Cucu alikufa mwezi uliofuata, akilia kwamba shuka zake zimelowa. Tulizibadilisha mara tatu kwa siku, na kila mara zilikuwa kavu.

Baada ya mazishi Kariuki aliniomba nakala ya ile picha. Hakuwa amewahi kuuona uso wa babu yake. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama mpaka nikaona haya.

"Asante sana, shemeji," akasema. "Na huyu mbwa wa gunia, hamkumjua?"

"Hatukumjua," nikajibu, nikimtazama machoni.

Siku hiyohiyo tulipigwa picha ya familia kwa simu. Wote walitoka safi. Usoni pangu palikuwa na mistari iliyopishana, kama kitambaa kilichofumwa kwa katani. Nilidhani ni simu. Lakini tangu hapo kila picha ni hivyo, na kila mara nyuzi zinazidi kubana. Mpiga picha wa pasipoti alifuta lenzi mara sita, kisha akaniambia niende kwa mwingine. Binti yangu ameniondoa kwenye picha za harusi yake. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza.

Utaniambia, si uandike tu sasa? Nimeketi mbele ya kompyuta hiyo mara nyingi. Halafu namkumbuka dada yangu, na watoto wake watatu, na Kariuki alivyoishika ile picha.

Kwa hiyo wewe unayefungua masanduku ya zamani, nisikilize. Mtu akija kukupa jina, liandike papo hapo, kabla hujarudi nyumbani kumuuliza yeyote. Ukingoja utapata sababu nzuri za kunyamaza. Mimi nilizipata, nzuri kabisa, na bado ninazo.