Kitanda cha Marcellin

Cirhuza alikuwa mtunza faili katika ofisi moja ya Ibanda, mjini Bukavu, mtu wa karatasi na mihuri, lakini aliyempa mkono alisikia sugu za seremala. Kila Jumamosi, salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, ikiisha na watu wakishaosha matope miguuni, alivua abakosi, ile suti isiyo na tai ya wakati ule, akavaa kaptula kuukuu, akaingia chini ya paa la mabati nyuma ya nyumba yake kule Ndendere. Hapo alikuwa na meza nzito, msumeno, patasi tatu, na randa aliyoachiwa na Mbelgiji mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Hakuuza kitu. Alitengeneza viti vya jikoni, rafu za vyombo, visanduku vya redio, akavigawa kwa majirani. Kwangu mimi, jirani yake, alileta kiti ambacho mguu mmoja ulikuwa mfupi, na kila alipokuja kutusalimu alikikalia yeye mwenyewe ili tusione.

Mkewe, Domitille, alifundisha kushona kwenye parokia. Walikuwa na watoto wanne, na mkubwa wao aliitwa Gaston, hivyo wao kwa wao waliitana Papa Gaston na Mama Gaston, hata siku za ugomvi. Siku za ugomvi zilikuwa chache. Hadithi hii ni ya mwaka wa sabini na sita, na ilianza kwa neno moja la shangazi.

Shangazi huyo ni Tantine Madeleine, dada wa baba yake Domitille, mama mzee wa Kavumu aliyesema kila kilichompitia kichwani. Alikuja baada ya Pasaka na kikapu cha maharage, akaingia chumbani kuweka kitambaa chake, akatoka anacheka.

"Aa! Kitanda ya Marcellin ingali vile vile! Mbao nayo haizeeke?"

Cirhuza alikuwa mezani anamenya ndizi. "Marcellin nani, Tantine?"

"Ni fundi moja wa kwetu," Domitille akasema haraka. "Ni yeye alitengeneza ile kitanda. Papa alimuagiza, wakati tulioana."

"Fundi moja?" Tantine akashangaa. "Si ule alikuja kukuposa, baba yako akamurudisha na pombe yake?"

Cirhuza aliendelea kumenya ndizi ambayo ilikuwa imekwisha kumenywa.

Kwamba kulikuwa na mtu kabla yake, alijua. Baba mkwe mwenyewe alimwambia siku ya kupeleka ng'ombe: kuna kijana alikuja, hana kitu, mimi ninataka mkwe wa kalamu. Jina hakulitaja, na Cirhuza hakuliuliza, kwa sababu mshindi haulizi jina la aliyeshindwa. Sasa jina alikuwa nalo. Tena alikuwa amelilalia miaka kumi na moja. Watoto wake wote wanne walizaliwa katika mikono ya Marcellin. Ndivyo alivyoniambia baadaye, kwa maneno hayo hayo, na macho yake hayakuwa yanacheka.

Jumapili iliyofuata, watu walipokuwa misa ya pili, alijifungia chumbani, akalala chali sakafuni, akajisukuma chini ya kitanda na tochi. Kilikuwa cha libuyu, mbao nyekundu nzito. Hakuona msumari hata mmoja. Kila mfumbati, yaani ule ubao mrefu wa ubavuni, ulikuwa na ulimi ulioingia katika tundu la tendegu kama ulimi unavyokaa kinywani. Akapitisha kiganja. Chini kabisa, upande ambao hakuna binadamu angeuona, mbao zilikuwa zimepigwa randa hadi zikateleza.

Nani anapiga randa mahali pasipoonekana? Cirhuza alijijibu mwenyewe: mtu anayempenda atakayelala juu.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Domitille akitandika shuka, alimtazama kama anaupapasa ubao. Akiimba jikoni, alitega sikio asikie wimbo wa wapi. Jioni moja wakichambua mchele, alishindwa kujizuia.

"Ulimupenda?"

"Nani?"

"Unajua nani."

Domitille aliendelea kutoa mawe. "Papa Gaston, nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilipenda hata kinga yake."

"Kinga?" Huko kwetu kinga ni baiskeli.

"Ilikuwa na kengele. Sasa leta ile sahani ingine, mchele utachelewa."

Mtu mwingine angecheka. Cirhuza alienda kulala na kengele ya baiskeli masikioni. Ndipo alipokata shauri kwamba mkewe hatalala tena juu ya kazi ya mtu yule. Atamtengenezea kitanda yeye, kwa mikono yake, kizuri kuliko kile.

Alipanda Kadutu kununua mbao za libuyu. Mzee aliyeziuza alizigonga kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hii ingali mubichi, papa. Ilifika juzi toka porini. Iwache kivulini mwaka moja."

"Mwaka moja? Niko na haraka."

"Mbao haina haraka," akasema mzee, lakini alimsaidia kuzipakia kwenye mkokoteni.

Wiki sita Cirhuza hakupumzika. Ofisini alichora matendegu nyuma ya karatasi zilizoharibika. Akitoka kazini alikuwa hata hajala, tayari ameshika patasi. Alitaka kuchonga maua kwenye ubao wa kichwani. Yakatoka kama kabichi, akayaparura, akaanza upya, mwisho akaacha ubao mtupu. Tundu la kwanza lilikuwa pana mno, akalijaza gundi na vumbi la mbao. La pili likapasuka pembeni. Alikuwa akifanya kazi kama mtu anayegombana, na kila alipokosea alisikia kwamba kuna mtu Kavumu anamcheka, mrefu, mwenye kifua kipana, amesimamisha baiskeli yake pembeni.

Mwanzoni mwa Juni kikaisha. Alikipaka vanishi mara tatu. Kisha akakifungua kile cha zamani, akakitoa kipande kwa kipande, akakiweka stoo pamoja na mifuko ya makaa. Domitille alisimama mlangoni na shuka mikononi.

"Sasa hii ilikukosea nini?"

"Imezeeka."

"Na miye? Utaniweka makalani siku gani?"

Hata hivyo alikitandika kitanda kipya. Alikizunguka, akakigusa, akasema ni kizuri, na akamwita Bibiane, jirani yao, aje kuona. Bibiane alipiga vigelegele. Kwa muda wa wiki tatu Cirhuza alitembea Ndendere kifua mbele. Alinialika na mimi. Nilikaa ukingoni, nikakisifu, na ni kweli kiling'aa sana.

Kisha jua la kiangazi likakaza. Vumbi likafunika majani, na ile libuyu mbichi ikaanza kunywea. Ndimi zikalegea kwenye matundu yake. Kwanza kitanda kililia kidogo mtu akigeuka. Baada ya siku chache kililia mtu akipumua. Bibiane, ambaye ukuta wake ulikaribiana na wao, alimsalimu Domitille kisimani kwa kicheko cha aina fulani, na Domitille akarudi nyumbani masikio yanawaka. Cirhuza alipigilia misumari. Misumari ikapasua mbao. Akafunga waya. Domitille hakusema neno, na kunyamaza kwake Cirhuza alikusoma vibaya: aliona mkewe anafananisha vitanda viwili.

Katikati ya Julai Tantine Madeleine alirudi, safari hii kupima macho hospitalini. Kama ilivyo desturi, mgeni mkubwa akapewa chumba apumzike baada ya chakula. Sisi tulikuwa nje, tumekaa kivulini. Tulisikia kishindo kama gunia la mihogo limeangushwa toka kwenye gari, halafu sauti ya Tantine, kali, haina hata dalili ya kufa:

"Edouard! Edouard weye! Ulinitegea nini humu?"

Ni jina la ubatizo la Cirhuza; serikali ilikuwa imeyakataza majina hayo miaka minne nyuma, naye, mtu wa ofisi, akaliacha; Tantine peke yake ndiye aliyeendelea kulitumia. Tulimkuta sakafuni kati ya mbao, miguu juu ya godoro, kitambaa cha kichwa kimefunika jicho moja. Nyonga ilikuwa imevimba. Bibiane alitoka haraka ili akacheke kwake. Domitille hakucheka. Alimwinua shangazi yake, akamfuta vumbi, kisha akamgeukia mumewe.

"Rudisha kitanda."

Hakusema kipi. Cirhuza alienda stoo, akapangusa makaa, akaingiza vipande kimoja kimoja. Alikiunga peke yake. Hakuhitaji nyundo; kila ulimi uliingia katika tundu lake kwa kusukumwa na kiganja. Aliniambia kwamba kicheko cha Bibiane hakikumuuma hata nusu ya ulaini ule.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akafunga kipande cha mfumbati uliovunjika ndani ya gunia, akapanda kamioneti ya Kavumu. Alikuwa anaenda kufanya nini, hakujua vizuri. Njiani alijiambia anaenda kumuuliza yule mtu kwa nini alijitia kwenye nyumba ya wengine. Kabla mawazo hayo hayajaisha, gari lilikuwa limesimama Kavumu, na watu wakamwonyesha kiwanda cha Marcellin kando ya barabara.

Mtu aliyetoka alikuwa mfupi, ana upara, miwani yake imefungwa kwa uzi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekatika. Nyuma yake kulikuwa na milango, na sanduku la maiti lisilokwisha.

"Citoyen, karibu," akasema, yaani raia, kama tulivyoitwa wote siku zile. "Mulango ao kitanda?"

"Miye ni Cirhuza wa Bukavu. Bwana ya Domitille."

Marcellin akaweka patasi chini. "Kitanda ilivunjika?"

"Yako, hapana." Cirhuza akafungua gunia. "Ni hii."

Fundi alikishika kile kipande, akakigeuza, akakinusa. Alipitisha dole gumba juu ya ulimi uliovunjika, juu ya gundi, juu ya misumari. Cirhuza alisubiri kuchekwa, na alikuwa tayari kwa ngumi.

"Ulikata mubichi," Marcellin akasema. "Na ulikata na hasira. Ona hapa, patasi iliruka."

"Ile yako," Cirhuza akasema, "ulipiga randa mpaka chini. Kwa nini mpaka chini?"

"Niko napiga zote mpaka chini. Bapadri balinifundisha vile." Akaonyesha lile sanduku. "Hata hii, ndani. Uliza mwenye ataingia."

Kisha Marcellin akaendelea, huku anatazama barabara.

"Lakini nitakuambia ukweli, maana umetoka mbali. Wakati muzee aliniagiza ile kitanda, nilitaka kukupatia yenye kuanguka. Nilikuonea wivu mingi sana, siku zile. Nilikata ulimi moja mufupi makusudi. Kesho yake nikairudilia, nikatafuta mbao ingine, nikaikata muzuri. Mukono ilikataa. Si sababu ya Domitille. Ni sababu ya mbao."

Walikaa juu ya ubao mmoja. Mke wa Marcellin, Séraphine, aliwaletea chai. Kupitia mlango wa nyumba Cirhuza aliona kitanda cha wenyewe: vipande vya masanduku ya sabuni vilivyopigiliwa misumari. Marcellin aliona anachokitazama.

"Yangu? Wakati nitaitengeneza ni wakati gani? Weye ndiye uko na bahati, unachonga kwa kupenda. Miye tangu nianze sijachonga hata kijiko kwa kupenda."

Mchana ule alimwonyesha jinsi ya kupanga mbao zikauke, na vijiti vya kuzitenganisha, na jinsi ya kukata ulimi kidogo kidogo huku ukiujaribisha. Cirhuza alijifunza, akashukuru, akapanda gari. Lakini asidhani mtu kwamba alirudi amepona. Kabla ya hapo alimwonea wivu mtu kwa sababu ya mwanamke. Sasa aliuonea wivu mkono wenye vidole vitatu.

Mbao mpya zilikaa kivulini mwaka mzima. Alizigeuza kila mwezi. Kitanda cha pili kilimchukua tangu Agosti hadi Noeli ya sabini na saba, na kilisimama. Hakikuwa kizuri kama kile cha Marcellin, na kila mtu mwenye macho aliona, lakini kilisimama, na Domitille alikilalia bila kuulizwa. Cha zamani walimpelekea Tantine, ambaye alisema sasa atakufa akiwa amelala vizuri.

Mwezi wa pili Marcellin alikuja Bukavu kutafuta bawaba, akapita kuwasalimu. Aliingia chumbani na Cirhuza, akainama kwenye tendegu la kushoto, akagonga.

"Hapa ulichoka," akasema.

"Ilikuwa siku ya mvua. Nilitaka kumaliza."

"Inaonekana. Lakini itakaa."

Domitille alipika bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alimpakulia mgeni kwanza, kama inavyotakiwa, kwa kijiko kikubwa, akaongeza kingine. Nilikuwepo mezani, nikamwona Cirhuza akitazama ile sahani, akihesabu samaki kwa macho, mmoja mmoja, na midomo yake ikitikisika. Domitille naye alimwona. Alichukua sahani ya mumewe, akaijaza hadi samaki wakaanguka mezani, akaiweka mbele yake kwa kishindo.

"Kula, Papa Gaston," akasema. "Watapoa."