Diski Iliyowaka Taa Bila Kuonekana

Nimewahi kuona mtu akiwekea diski ya kompyuta mikono na kuiombea ifufuke.

Aliomba hadi jasho likamtoka. Huyo alikuwa kaka yangu, tumbo moja. Mpaka leo nikiikumbuka ile sala natema mate.

Mimi naitwa Enid, mwalimu hapa Kasese. Mwaka 2016 tulimzika baba kwetu Bwera, mpakani. Kabla hajafa alimwita mpiga picha kutoka upande wa Kongo, akajifungia naye chumbani, akatoa wosia kwenye video. Mke wake wa pili, Mama Mayimuna, alisikia maneno ya mwanzo tu akiwa mlangoni, akatusimulia: kwamba nyumba ni yake.

Video ikawekwa kwenye diski. Diski na waya wake vikakaa ndani ya sanduku la kaka yangu Tsongo, fundi viatu pale sokoni.

Siku ya kikao cha ukoo, Tsongo akaichomeka kwenye kompyuta ya kuazima. Taa ya buluu ikawaka. Kompyuta haikuona kitu.

Akajaribu tundu lingine. Kimya. Tukaleta kompyuta ya jirani. Kimya vilevile.

"Imekufa," Tsongo akasema, machozi yakimlengalenga.

Ndipo akaiwekea mikono, akaomba.

Baada ya amina alikula bundu, ule ugali wa muhogo wa Mama Mayimuna, na samaki wa ziwani Kahendero, akalamba vidole vyote. Kisha: "Wazee, kama sauti ya baba haiko, tufuate desturi: nyumba ni ya mtoto wa kiume. Mama arudi kwao."

Arudi kwao! Mwanamke aliyemsafisha baba kinyesi miaka mitatu.

Mzee Bwambale, mkubwa wa ukoo, akampa wiki moja ahame.

Nikaomba diski nipeleke Kasese. "Chukua na waya wake," Tsongo akasema. "Unajisumbua bure."

Kasese kuna fundi anaitwa Nabasa. Aliitegea sikio.

"Inazunguka vizuri. Hii kitu iko mzima, mwalimu."

Akafungua orodha ya diski zote kwenye kompyuta yake. Yetu haimo. Akachomoa waya wetu, akachomeka wake.

Papo hapo ikatokea. Ndani faili moja: BABA.

Nilipiga vigelegele. Yeye hakucheka. Aliuvuta waya wetu karibu na dirisha, akauchana kwa wembe.

"Ndani iko nyaya nne. Mbili za umeme, mbili za kupeleka habari. Hizi za habari zimekatwa. Taa itawaka, lakini kompyuta haitaona kitu."

"Labda ni panya?"

"Panya haitumii gundi, mwalimu."

Akanisogezea mkato puani. Gundi ya viatu.

Nilitoka nje nikatapika kando ya duka. Ile sala. Vile vidole.

Sikuitazama video peke yangu. Nilirudi Bwera, wazee wakaitwa tena. Tsongo alipoona waya uliochanwa mezani, rangi ikamtoka.

Nikawasha kwa waya wa Nabasa. Baba yuko kitandani, mifupa mitupu.

"Nyumba ni ya Mayimuna mpaka afe. Mutu asimuguse."

Tsongo akainamisha kichwa. Maneno hayo ndiyo aliyoyaogopa.

Baba akakohoa, akanywa maji, akaendelea.

"Shamba ya kahawa kule mulimani, yote, ni ya Tsongo. Enid iko na mushahara. Tsongo hana kitu, lakini hawezi kuacha mama yake huyu Mayimuna alale njaa. Huyu mutoto namwamini."

Kumbe alikata waya wa urithi wake mwenyewe.

"Uliwahi kuitazama hii?" Mzee Bwambale akamuuliza.

"Hapana, mzee. Nilisikia habari ya nyumba tu. Nikaogopa."

Mzee akageuka pembeni, akatema mate.

Nilimtaka Mama Mayimuna amtukane. Hakumtukana. "Mumupe shamba yake," alisema. "Baba yake amesema."

Tsongo akasimama, akatoka bila kuaga.

Misimu miwili sasa kahawa inaivia mitini na kudondoka. Hakuna aliyemkataza kuivuna. Ni yeye mwenyewe asiyeweza kupanda ule mlima.

Nami sijaweza kula naye sahani moja.

Jamani, kitu kikigoma, usikimbilie kusema kimekufa. Kwanza uliza kimepitia mikononi mwa nani.