Neno Kwenye Utepe

Mfamasia wa Flensburg, mpakani mwa Ujerumani na Denmark, huandika vibandiko vya sumu kwa mkono, taratibu, midomo ameikunja kama apulizaye chai. Kwa Kijerumani sumu ni gift. Wadenmaki wakiingia humtania: "Vipi mzee, wewe ni gift?" Kwao neno hilo ni sumu, na pia ni mtu mwenye ndoa. Naye hujibu, "Humu chupa tu ndizo gift," kisha hufuta kaunta iliyokwisha kung'aa. Wiebke, muuza maua wa jirani, humwona dirishani akiifuta hata duka likiwa tupu.

Siku ya kuzaliwa ya mfamasia, Wiebke alimpelekea keki kwenye kisanduku. Utepe ulikuwa na neno la Kiingereza: gift, yaani zawadi.

"Jirani, unaniua au unaniposa?"

"Kula kwanza, utajua."

Mfamasia alicheka, akaanza kueleza kwamba maana zote tatu zina asili moja: kutoa. Vidole vyake viliupapasa utepe bila kuufungua. Mteja mmoja alikohoa makusudi, lakini yeye hakukiweka kisanduku chini.

"Ni changu kweli?" akauliza.