Mstari wa Bomba

Nina duka langu Grant Street, hapa Buffalo, Marekani, nami sikumaliza hata darasa la nne. Wenye digrii zao wananiita bosi. Juzi msichana mmoja aliomba kubandika picha kwenye ukuta wangu: wanawake wa zamani wa mji huu, wenye magauni marefu, waliounda vikundi kudai haki ya kupiga kura. Nikamruhusu. Gundi yake ya unga ilinuka kama uji uliochacha, na mara nikawa tena mtoto katika kambi ya wakimbizi, asubuhi ya kuchagua msimamizi wa bomba la maji.

Karatasi za kura hatukuwa nazo. Mgombea alisimama, waliomtaka wakajipanga nyuma yake, wakahesabiwa. Msimamizi wetu, aliyegombea tena, alizoea kufunga maji mapema, na mdogo wangu alikuwa anaharisha, midomo imempasuka kwa kiu. Basi mama na wenzake wa kikundi cha kusuka mikeka wakajipanga nyuma ya mpinzani.

“Akina mama, rudini jikoni,” mhesabuji akacheka. “Hapa tunahesabu wanaume.”

Baba, rafiki wa msimamizi, alikuwa amenivuta mimi, mwanawe wa kiume, kwenye mstari wao ili urefuke. Mhesabuji akanigusa kichwa, akanihesabu. Nilijivuna kweli.

“Huyo nimemzaa mimi!” mama akapaza sauti. “Bado anakojoa kitandani! Umemhesabu yeye, mimi je?”

Wanaume wakaangua kicheko. Mama hakuondoka. Alisimama palepale, mtoto mgongoni, wenzake nyuma yake, hadi msimamizi yuleyule alipotangazwa mshindi, akatoa ufunguo mfukoni, akafunga bomba mbele yao.